Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Akiki

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuniamini kuongoza chama chetu cha wakusanya mawe kwa mwaka mwingine. Mambo ya fedha mtasomewa na mhazini, na kumbukumbu za vikao ziko kwa katibu. Mimi naomba niitumie nafasi yangu kuzungumzia siku moja tu, ile ya safari ya kutafuta akiki, yale mawe magumu yenye milia, kwa sababu furaha yetu kubwa ya mwaka huu na kosa letu kubwa vyote vilitokea siku ile.

Tulikwenda kwenye kingo za mto unaokatiza miamba myeusi ya basalti, yaani lava iliyopoa na kuganda. Mvua zilikuwa zimekwisha, maji yameshuka. Kamati iliuchagua wakati huo makusudi. Akiki huzaliwa ndani ya lava. Lava ikipoa, mapovu ya gesi huacha matundu, na maji yenye silika, madini yaleyale ya kwatzi, hupenya humo kwa muda mrefu mno, yakigandisha utando juu ya utando kuanzia ukutani kuelekea katikati. Ndiyo maana milia ya akiki hufuata umbo la tundu lake. Pale silika ilipokwisha kabla tundu halijajaa, katikati hubaki uwazi. Baadaye basalti huoza na kumomonyoka, lakini akiki haiozi nayo. Hudondoka, mto ukaizoa. Kila mafuriko huzipindua kokoto upya, na jiwe lililofukiwa mwaka jana huenda leo liko juu.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Hadi saa tatu hakuna aliyekuwa ameokota akiki hata moja. Wageni wa kazi hii walijaza mifuko kwatzi nyeupe na kalsiti, na mimi niliyewaongoza sikuwa na kitu mkononi. Hapo ndipo mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, aliponisogelea akasema, "Mwanangu, jua umelipa mgongo. Geuka." Nikageuka. Kama hatua ishirini mbele yangu, kati ya kokoto zilizolowa, moja ilikuwa imewaka kama kaa la moto. Mawe mengine yote yalikuwa yanatupa kivuli kuja upande wangu. Lile lilikuwa linapitisha nuru. Nimekusanya mawe miaka mingi na sijasahau jinsi moyo ulivyoniruka. Basi kuanzia hapo tulitembea sote tukilielekea jua, tukiwa tumeinama, na hadi lilipopanda juu tulikuwa tumeokota nyingi.

Kwa wale ambao hawakuwapo: akiki huitambui kwa rangi peke yake. Wekundu na hudhurungi vinatokana na oksidi za chuma, na mawe mengi yasiyo akiki yana rangi hizo. Tazameni ngozi yenye vishimo vidogo vidogo, na mahali palipomeguka pang'ae kama nta. Kisha jaribuni kwa ncha ya kisu. Kalsiti inakwaruzika upesi, kwa kuwa ugumu wake katika skeli ya Mohs, kipimo cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, ni 3 tu. Akiki, ambayo ni kalkedoni (kwatzi ya chembe ndogo mno) yenye milia, iko kati ya 6.5 na 7, na kisu hakiachi alama. Wengine walisikitika kuambiwa kwamba walichopata ni yaspi, isiyopitisha nuru. Nawaomba msizitupe. Ni za ukoo uleule wa kwatzi, na zinang'arishwa vizuri sana.

Sasa niseme yaliyoharibika. Kijana wetu mmoja alipata donge kubwa kuliko yote ya siku ile, akalipiga nyundo palepale ili aone ndani. Hakuwa amevaa miwani ya kinga. Kipande kilimchana shavu, sehemu ndogo tu chini ya jicho. Akiki ikivunjika hutoa makali kama ya kioo, na hilo nalijua. Ni wajibu wangu kukagua vifaa kabla ya kushuka mtoni, na sikuukamilisha. Donge lenyewe lilipasuka vipande kinyume cha milia, halikubaki cha kukata. Kamati imeamua kwamba nyundo hazitashuka tena mtoni. Mawe yatafunguliwa nyumbani kwa msumeno wa almasi, tena kwa maji muda wote, kwa sababu vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki.

Wawili wetu walivuka pia mpaka tulioruhusiwa na mwenye ardhi. Nilirudi kumwomba radhi, akatupokea kwa uungwana, ila ametaka mashimo yote yafukiwe. Tutafukia.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni la ndoo. Tulisaka sehemu tatu: kona ya mto, kijito kinachoingilia juu, na ukingo ulioporomoka. Jioni, kwa uchovu, tukamimina yote katika ndoo mbili. Nyumbani tulipoyaosha tukaona kwamba kuna aina mbili tofauti kabisa, moja ya milia membamba ya kijivu na nyingine nyekundu yenye fuwele katikati, na hakuna aliyeweza kusema ipi imetoka wapi. Pengine kijito kile kinashuka kutoka lava nyingine. Tungekuwa tumejua kwa vibandiko vya karatasi tu.

Jiwe hili hata jina lake la Kigiriki, achates, ni la mahali. Theophrastus, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba linatoka mto Achates huko Sicily. Na akiki za Ziwa Superior, Amerika ya Kaskazini, zilizaliwa katika lava ya miaka bilioni 1.1 iliyopita, kisha barafu kuu za kale zikazisukuma hadi nchi za mbali kusini mwa ziwa. Jiwe lenye kumbukumbu ya lilipookotwa linaweza kutusimulia safari kama hiyo. Letu la ndoo ni zuri, ila limenyamaza.

Kuhusu mashine ya kusugulia mawe, awamu ya kwanza ilichukua mwezi mzima na zaidi, kutoka unga mkali wa silikoni kabidi hadi ule wa kung'arishia. Tuliharibu mzunguko mmoja kwa kutoosha pipa la mashine vizuri: chembe chache za unga wa kwanza zilibaki na kukwaruza mawe yote. Asanteni mliojitolea kuurudia.

Safari ijayo kila mtu atapewa mifuko midogo na kalamu, na hakuna jiwe litakaloingia mfukoni bila kuandikwa sehemu lilipotoka. Tunahitaji mtunza daftari. Anayependa kazi hiyo ampe katibu jina lake kabla ya kikao. Mawe ya ndoo yako kwenye meza ya pembeni, chukueni mpendayo. Lile langu la kwanza nimeliweka kabatini likiwa na kibandiko: kona ya mto, ukingo wa kushoto, saa tatu asubuhi, limeonwa kwa kulielekea jua. Jina la aliyenigeuza nimeliandika nyuma.

Mwenyekiti