Nimekauka, na Jumapili naongoza sifa

Mtumishi wa Mungu, Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Muyeye hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa 14 tangu niokoke. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Kanisani ni mmoja wa wanaoongoza sifa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tangu mwaka jana, msimu wa kusi, nimekauka. Sina neno jingine. Nikiomba ni kama naongea na ukuta. Nasoma sura nzima ya Biblia, nikiifunga siwezi kukuambia nimesoma nini. Sikufiwa, sikuachwa, na kama kuna dhambi naificha, basi nimeificha hata kwangu mimi mwenyewe. Ni kweli nilipoteza kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja. Watalii waliondoka Aprili, wenzangu wakaitwa msimu uliporudi, mimi sikuitwa. Lakini Malindi ndivyo ilivyo, na wakati huo niliomba na nikamsikia Mungu karibu kabisa. Ukavu ulikuja baadaye, mahamri yalipokwisha kushika na karo ikalipika. Kwenye shida alisema nami, kwenye riziki akanyamaza. Nimeligeuza jambo hili juu chini, sijalielewa.

Huamka saa kumi alfajiri kukanda: unga, iliki niliyoitwanga usiku, hamira, tui la vuguvugu. Ule ndio uliokuwa wakati wangu na Bwana. Nilikanda huku nikiomba, jina baada ya jina, na machozi yakija nayafuta kwa bega maana mikono imejaa unga. Adhana ikilia, donge limeumuka, nasukuma na kukata. Siku hizi nakanda kimya. Jina la kwanza linatoka, la pili linakwama, mara najikuta nahesabu mahamri. (Mhubiri angeikamata hiyo hamira akaifanyia mfano. Mifano nimeshiba.)

Nilimwendea mchungaji wangu. Hakunisikiliza hadi mwisho. Alisema jangwa halimpati mtu bila sababu, kuna mlango nimeuacha wazi kwa adui, basi nipande mbegu ya shilingi 5,000 na nifunge siku 21. Mbegu nilipanda, kwa pesa za chama, zamu yangu ilipofika. Mume wangu hajui. Akisoma hapa atajua.

Kufunga ndiko kulikoleta vita. Mume wangu ni mtu wa tuktuk, mpole, kanisani utamwona Krismasi na Pasaka. Nilipotaja siku 21 aliweka kikombe chini akasema, "Mama watoto, nyumba hii hakuna atakayefunga." Mwaka 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola yalipofukuliwa, yeye alikuwa akiwabeba watu waliokuja Malindi kuwatafuta ndugu zao. Maiti zaidi ya 400, watoto wakiwemo, walioambiwa wajinyime chakula wakamwone Yesu. Mbali huko mnaweza kusema yalikuwa mambo ya msituni. Sisi tuliyanusa. Mtu akisema anakwenda nyikani na Mungu wake, hapa watu wanaangaliana. Siwezi kumlaumu mume wangu. Ila Bwana naye alifunga siku 40 jangwani, na hilo sijui nilipeleke wapi.

Nikarudi kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mretemu akaomba afe, akalala, na malaika hakumwambia atubu wala afunge. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena, ndipo akaenda siku 40 mpaka Horebu kwa nguvu za chakula hicho. Nilimsomea mume wangu. Akasema, "Huyo malaika ana akili," akaendelea na chai yake.

Nina wateja wawili walionisaidia kuliko mchungaji, na nasema hivyo bila furaha. Mmoja ni sista wa Kikatoliki. Aliniambia habari za Mama Teresa wa Calcutta, kwamba barua zake zilizotolewa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, zilionyesha aliishi karibu miaka 50 bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kuwaosha wagonjwa. Sista alidhani ananifariji. Mtumishi, miaka 50! Nilimpa chenji vibaya siku hiyo.

Wa pili ni bibi wa Kiislamu, jirani, namwita Bi Mkubwa. Yeye aliona sauti yangu imepungua. Nilipomweleza, akanihadithia Bi Hajara alivyokimbia mara saba kati ya Safa na Marwa akimtafutia mtoto maji. Kwetu, Mwanzo 21, Hajiri anamlaza mtoto chini ya kijiti, anakaa mbali naye analia, kisha Mungu anamfungua macho anaona kisima. Sitaki ubishi wa dini. Ninachojiuliza ni kwamba huyu anakimbia, yule anakaa, na wote maji waliyapata. Mimi nikimbie au nikae?

Na hapa ndipo penye swali langu lenyewe. Jumapili moja niliongoza sifa, watu wakalia, mama mmoja akaanguka chini. Mimi nimefumba macho nawaza sufuria niliyoiacha imelowekwa. Baada ya ibada yule mama akanikumbatia, "Leo umetubariki." Nilirudi nyumbani najiona mwizi.

Lakini kuna jambo jingine, sijamwambia mtu. Mwezi uliopita dada mmoja wa kanisani alikuja kibandani akaniambia hawezi kuomba tena tangu mimba yake iharibike. Zamani ningempa mistari mitatu na kumwekea mikono palepale. Safari hii sikuwa na kitu. Nilimvutia kigoda, tukapukuchua mbaazi mpaka jua likapanda. Aliondoka bila kusema neno, na kesho yake akarudi. Sasa huja karibu kila siku. Je, huko ni kukua, au ni kupoa? Kwa nje vinafanana sana, na ninaogopa nisije nikawa nimerudi nyuma huku najisifu kwamba niko jangwani.

Basi nishauri. Nishuke madhabahuni mpaka moyo urudi, au niimbe tu hivi nilivyo? Yule aliyesema nipande mbegu nimweleze ukweli, ama ninyamaze? Na kufunga, je, naweza kuacha kwa ajili ya hofu ya mume wangu bila kumkosea Mungu?

Zamu yangu ni Jumapili hii, na mazoezi ni Alhamisi jioni. Barua yako isipofika kabla ya hapo nitakwenda tu, maana funguo za kanisa ninazo mimi.

Wako katika Kristo,
Muuza mahamri, Malindi