Karatasi ya breki bila vipimo isikubalike

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni fundi magari hapa Tabata, Dar es Salaam, na kinachonifanya niandike ni hizi karatasi za makadirio ya breki ambazo wateja wanatuletea wakitaka tuwaambie kama wanapigwa. Wengi wanaangalia jumla tu pale chini, ikiwa laki mbili wanasema sawa, ikiwa laki sita wanasema huyu mwizi. Jumla peke yake haikwambii kitu jamani. Laki sita inaweza kuwa haki kabisa, na elfu themanini ikawa ndo umepigwa, kwa sababu pedi ulizofungiwa, zile zinazobana diski ya gurudumu gari isimame, ni feki, muda si mrefu zinaisha na chuma chake kinasaga diski.

Juzi kati kaja mama mmoja mwalimu na gari yake Toyota IST na karatasi ya gereji nyingine, imeandikwa pedi za mbele, diski mbili za mbele, kalipa mbili (zile zinazosukuma pedi zibane diski), shuu za nyuma (kazi yake kama pedi, ila zinabana ndani ya dramu), mafuta ya breki na ufundi, jumla laki sita na nusu. Hakuna kipimo hata kimoja. Tukapiga jeki, tukatoa tairi zote nne na yeye amesimama pale pale anaona. Pedi zimebaki milimita 2, hizo zimeisha hamna ubishi, maana pedi mpya inakuja na milimita 10 hivi na ikifika 3 unabadilisha. Lakini diski ziko laini, nimepima unene bado uko juu ya ile namba ya mwisho iliyogongwa kwenye diski yenyewe, na pedo haitetemeki ukikanyaga. Kalipa hazivuji, pini zake tu zimekauka zinataka kusafishwa na kupakwa grisi ya breki. Nikafungua dramu za nyuma, shuu bado nene, na hilo lisimshangaze mtu, ukishika breki uzito mwingi unakuja mbele ndo maana pedi za mbele zinaweza kuisha mara mbili tatu shuu za nyuma hujazigusa. Kwa hiyo kazi halali pale ilikuwa pedi, grisi, na mafuta ya breki maana yalikuwa meusi, yale yanavuta unyevu hewani, ni vizuri kila miaka 2 hivi uyabadilishe yote sio kuongezea tu.

Sisemi wale waliandika kwa nia mbaya, inawezekana hawakutoa tairi hata moja, na hapo ndo shida yenyewe ilipo. Fundi anasikia breki inapiga kelele, anaandika kila kitu ili asirudiwe. Mwingine anaona mafuta yameshuka kwenye kikopo anakwambia masta silinda, ile pampu ya breki, imekufa, wakati pedi zikiisha pistoni ya kalipa inatoka nje zaidi na mafuta lazima yashuke hata kama hakuna panapovuja!

Na nyie wateja, mkishaona spea ni za haki msitubane kwenye ufundi. Kusafisha kalipa, kutoa upepo kwenye mfumo, kujaribu gari barabarani, ile ni kazi ya mtu na ana watoto nyumbani wanamsubiri. Mteja anakata elfu ishirini ya ufundi, halafu fundi naye anarudisha hela yake kwenye spea, anakununulia pedi ya bei rahisi kabisa Kariakoo, sasa nani kapata faida?

Ninachoomba ni wenye gereji, kubwa na za chini ya mwembe, waandike unene wa pedi na wa diski kwenye kila karatasi ya breki, spea iwe na mstari wake na ufundi mstari wake, na iandikwe ni spea mpya au ya mtumba. Diski ikibadilishwa ziwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, pedi hivyo hivyo. Spea za zamani apewe mwenye gari aondoke nazo. Tume ya Ushindani, ambao kazi ya kukamata bidhaa bandia ni yao, wapite kwenye maduka ya spea waanze na pedi za breki kabla ya vitu vingine, maana feki ya redio haiui mtu ila feki ya breki inaua na asiyekuwemo kwenye gari.

Fundi magari,
Tabata, Dar es Salaam