Mkishawarekodi wazee, kijijini nako muache kopi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu maana nimekaa nalo muda mrefu.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa primari kule Muheza, na miaka ya 80 alikuwa na redio kaseti yake anazunguka nayo kuwarekodi wazee wakiongea Kibondei, hadithi, nyimbo za kutwangia, habari za koo, katuachia boksi zima la kanda. Mwaka juzi nikachukua kanda 6 nikazipeleka kwa fundi mmoja azihamishie kwenye flashi. Nikarudishiwa mafaili 12 yameandikwa namba tu, moja mpaka kumi na mbili, na vile vikaratasi alivyoandika baba kwa peni nyekundu, nani anaongea na wapi na lini, vimebanduliwa vyote vimetupwa! Sasa namsikia bibi anaimba, mchi unagonga kinu, jogoo anawika kwa nyuma, sauti safi kabisa, lakini ni bibi wa nani huyu? Wa kijiji gani? Roho iliniuma jamani.

Ndo maana nasema hizi akaivu za kidijitali za lugha zetu, yaani hifadhi za sauti na maandishi kwenye kompyuta, kazi siyo kuskani na kurekodi tu. Jina la msemaji, kijiji, tarehe, viandikwe kabla hujagusa kitu kingine, na vikaratasi vipigwe picha.

La pili ni kurudisha. Ipo akaivu kubwa ya lugha zilizo hatarini kupotea inaitwa ELAR, ilianzia pale chuo kikuu cha SOAS, London, mwaka 2002, na 2021 ikahamia Berlin. Kazi yao naiheshimu sana, bila watu kama hao sauti nyingi zingeshazikwa na wenyewe. Ila ili usikilize lazima ujisajili kwanza, na rekodi zingine mpaka uombe ruhusa kwa aliyeziweka, sasa mzee aliyeimba mwenyewe, simu yake ya vitufe, atafikaje huko? Faili la WAV, yaani sauti nzima isiyobanwa, la ubora wa kuhifadhi, saa moja tu inapita GB 1, hilo sawa likae kwenye akaivu, lakini hiyo hiyo ukiigeuza MP3, yaani ukiibana iwe ndogo, inaingia kwenye memori kadi, mtu anachomeka kwenye redio yake anasikiliza jioni na wajukuu. Hii haihitaji mradi wa mamilioni. Mtafiti akija arekodi, akiondoka aache kadi mbili, moja kwa familia na moja shuleni, na awaulize wenyewe kipi kisiwekwe mtandaoni maana kuna mambo ya ukoo siyo ya kila sikio.

Mimi kanda zilizobaki sizipeleki tena kwa fundi mpaka nimalize kuandika kila kilichopo kwenye vikaratasi. Na yale mafaili 12 nayapeleka Muheza kila nikipata likizo, nakaa na shangazi barazani, anasikiliza, ananitajia huyu fulani, huyu mke wa fulani, nami naandika. Tumefika faili la 5. Yule bibi wa kinu bado hajamtambua.

Msomaji wako,
Tanga