Msimfanye msichana aogope mstari: barua kwa mabinti mnaoanza ukocha vyuoni Marekani

Wanangu,

Baada ya salamu, hongereni. Nimesikia kwamba baadhi yenu mliotoka huku Afrika Mashariki kwenda kucheza mpira wa kikapu vyuoni Marekani mmemaliza masomo, na sasa mnaanza ukocha msaidizi kwenye timu za wanawake. Mgeni wa benchi hukabidhiwa kwanza kazi inayoonekana ndogo: kuwanoa wachezaji kwenye mitupo huru, ile anayopiga mchezaji akiwa mstarini baada ya kuchezewa faulo. Mimi shangazi yenu nilifundisha mchezo huu miaka mingi katika chuo cha ualimu, kwenye kiwanja cha saruji na ringi isiyo na nyavu. Nawasihi jambo moja: msimwadhibu msichana kwa sababu ya mtupo aliokosa.

Mimi niliadhibu. Mtupo mmoja ukikosa, timu nzima inakimbia kiwanja, kwenda na kurudi, jua likiwa utosini. Niliamini nawatia ari. Nilikuwa na binti mmoja mrefu, mwenye mkono laini. Alfajiri akiwa peke yake alifunga mtupo juu ya mtupo, nami nikiutazama mpira ukipita katikati ya chuma bila kukigusa. Siku ya mechi ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, akachezewa faulo. Akapewa mpira, akaudunda mara moja, kisha akageuza uso. Hakuitazama ringi, alinitazama mimi. Mtupo wa kwanza haukufika hata kwenye chuma. Kabla ya wa pili akanitazama tena.

Nilikuwa nimemfundisha kuniogopa, na somo hilo alilishika kuliko mengine yote.

Mtupo huru hauna fumbo. Kutoka mstarini hadi ubaoni ni futi 15, ringi iko juu futi 10, vipimo ni vilevile kila uwanja, wala hakuna anayekukinga. Kwa kanuni za vyuo vya huko mchezaji ana sekunde 10 tangu mwamuzi ampe mpira. Kwa mtu mwenye hofu sekunde 10 ni nyingi mno, maana ndani yake atawaza ufadhili wake wa masomo, mama yake nyumbani na sauti ya kocha. Hapo kifundo cha mkono kinakaza, magoti hayakunji, mpira unagonga ukingo wa mbele. Mkiona mchezaji anagonga mbele kila mara, anzeni kuchunguza miguu yake na moyo wake kabla hamjagusa kiwiko.

Dawa ya sekunde hizo ni kuzijaza kazi ileile kila siku. Mtazameni Elena Delle Donne, aliyecheza chuo cha Delaware na baadaye WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake huko Marekani, ambako alifunga zaidi ya mitupo 93 katika kila 100. Kwenye viwanja vya mbao kuna alama ndogo ya msumari katikati ya mstari. Yeye aliuweka mguu wa kulia sambamba na msumari huo, akadunda mara tatu, akakunja mkono kama herufi L, akainua na kuachia. Basi. Akiongoza kwa pointi 20 au akiwa nyuma kwa moja, mwendo ulikuwa huohuo. Msiwape wachezaji wenu mwendo wake. Kila mmoja atafute wake, mkishaukubali pamoja naye asiubadilishe kwa sababu amekosa mara mbili.

Halafu kuna hili la kupiga mitupo 100 mfululizo mazoezi yakiisha. Ni zuri kwa anayejifunza mkono, lakini kwenye mechi hakuna anayepewa 100. Tangu msimu wa 2015 hadi 2016 wanawake wa vyuo vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, wanacheza robo nne za dakika 10, na faulo ya tano ya timu katika robo inaleta mitupo miwili. Kwa hiyo wazoezeni miwili miwili: wacheze kwa kasi hadi pumzi ipande, simamisha, mmoja apige miwili, mchezo uendelee. Andikeni kila mtupo kwenye daftari. Mlinganisheni msichana na wiki yake iliyopita, msimlinganishe na mwenzake mbele ya watu.

Kumbukeni pia kwamba kanuni haziruhusu zaidi ya saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu. Kila dakika ya kukimbizwa kwa adhabu imetolewa kwenye saa hizo.

Nataka pia mlijue jina la Ginny Doyle wa chuo cha Richmond. Msimu wa 1991 hadi 1992 alifunga mitupo 66 mfululizo. Mtangazaji Billy Packer akadai kwamba wanawake wanatumia mpira mdogo. Doyle hakubishana. Alikutana naye uwanja wa Palestra, Philadelphia, wakapiga 25 kila mmoja kwa mpira wa wanaume. Doyle alifunga 20, Packer 12. Baadaye Doyle akarudi kuwafundisha wasichana wa chuo chake, kama nyinyi sasa, hadi alipofariki mwaka 2014 kwenye ajali ya puto la hewa moto. Wasimulieni wachezaji wenu habari zake siku ambayo mtu atawadharau.

Mnaweza kukuta kocha mkuu anayekimbiza timu kwa kila kosa, naye ndiye mwenye timu. Msimpinge mbele ya wachezaji, si adabu na haitasaidia. Mwombeni wachezaji wanne tu, wiki tatu, bila adhabu. Wiki zikitimia ingieni ofisini kwake na daftari, mlango ukiwa umefungwa, mkasome naye ukurasa kwa ukurasa. Na wakati wa mechi, msichana akikosa wa kwanza, hakikisheni akigeuka kuangalia benchi anaukuta uso uliotulia.

Ni mimi shangazi yenu,
Tanga