Watengeneza filamu, njooni barabara ya Kusini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimeendesha basi kati ya Dar es Salaam na Mtwara tangu enzi za pantoni ya Ndundu, ya kuvukia Mto Rufiji, hadi nilipostaafu, na nina swali kwa waandaaji wa filamu zetu. Mbona familia ya kwenye filamu ya Kitanzania haisafiri? Iko sebuleni tu. Baba kwenye sofa, mama mkwe mlangoni, dada wa kazi anasikiliza dirishani, watu wanagombana saa nzima na nusu, halafu tunaambiwa tusubiri sehemu ya pili.

Nauliza kwa sababu wajukuu zangu wameikariri filamu ya Kimarekani ya mwaka 1983, National Lampoon's Vacation. Ilipotoka, wazazi wao walikuwa wanatambaa. Lakini kila wakija likizo hapa Mikindani lazima iwekwe, na mimi naacha bao barazani naingia ndani.

Kisa chenyewe chepesi. Clark Griswold, baba wa pembezoni mwa Chicago anayeigizwa na Chevy Chase, anataka kuwapeleka mke na watoto wawili kwenye bustani ya michezo iitwayo Walley World, California. Mke anauliza kwa nini wasipande ndege. Clark hataki, kwake yeye raha ni njia yenyewe. Dereva yeyote akisikia hivyo anajua kazi imeanza.

Tazameni tukio la gari. Ameagiza la buluu, la kisasa, muuzaji anamletea dude la kijani lenye mbao za bandia ubavuni na taa kibao usoni. Anakataa, anadai arudishiwe gari lake la zamani alilolitoa kubadilishana. Linaletwa limeshapondwa, bapa kama chapati. Aliyewahi kuacha gari gereji akarudi jioni anaijua vizuri ile sura ya Clark.

Watu husema filamu hii haichuji kwa sababu ya mikosi yake. Sikubali. Mkosi peke yake hauchekeshi. Nimelala Ndundu na basi zima la abiria kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na sikumsikia mtu akicheka. Kinachochekesha ni baba anayetangaza furaha kama amri ya serikali. Anapotea jangwani, mafundi wanamkamua hela zote, na bado anawaambia watoto mambo ni mazuri. Kila mahali pa kugeuza gari anapaona, na kila mara anapata kisababu cha kusonga mbele. Baba wa hivyo yupo kila nyumba, ndiyo maana miaka arobaini na ushee haijamzeesha.

Kuna kipande kimoja sichoki kukiangalia. Wamefika kwenye lile korongo kubwa la Arizona, Grand Canyon, ambalo watu hutoka pande zote za dunia kuliona. Hoteli imekataa hundi yake, naye amejichotea fedha kwenye droo, kwa hiyo ana haraka. Anasimama ukingoni na mkewe, anatikisatikisa kichwa kidogo, haya twende. Nilicheka, kisha nikawakumbuka abiria wangu. Tumepita Nangurukuru, njiapanda ya kwenda Kilwa, miaka yote ile, na magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, wengi wao waliyajua kwa kibao cha barabarani. Tulisimama kuchimba dawa, tukaondoka.

Si yote ninayoyapenda. Kile kipande cha St. Louis, wanapopotea kwenye mtaa wa watu weusi na kuibiwa vifuniko vya rimu, kwangu ni dharau tupu. Kuna na picha za bafuni ambazo mjukuu mkubwa hukaa na rimoti kuzirusha. Na shangazi Edna anayefia njiani, wakamfunga juu ya keria hadi Phoenix! Bibi yao alitoka chumbani kwa hasira. Baada ya muda akachungulia kuuliza kama wamemzika.

Jambo jingine waandaaji wetu walichukue. Mwandishi John Hughes alianza na hadithi yake fupi iliyotoka jaridani mwaka 1979, na Harold Ramis ndiye aliyeiongoza filamu. Walipoijaribu kwa watazamaji, mwisho wake haukupendwa. Hawakununa. Walirudi kupiga upya, wakamwongeza John Candy awe mlinzi wa bustani. Ukiwa makini utaona wale watoto wamekua ghafla kufika mwishoni. Sisi nani anayewaonyesha watu kwanza akawasikiliza?

Hadithi ninayoitaka ni hii, na siitozi. Mkulima wa Newala kalipwa fedha za korosho. Badala ya kuwakatia watu wake tiketi za basi, ananunua Noah iliyochoka, maana anataka kuendesha mwenyewe hadi Dar watoto wakapande treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Ndani yupo mama mkwe, kuku wawili, na gunia la ming'oko, vile viazi pori vyetu, lisiloeleweka ni la nani. Mingoyo trafiki. Mchinga pancha. Somanga wote wanashuka kununua samaki, mtoto mmoja anasahaulika. Ikiwa ni masika, mwandishi hana haja ya kutunga kitu: Mei 2024, mafuriko na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara hii, watu walikaa njiani wakifahamiana hadi majina ya wajomba.

Wakifika Dar itakuwaje, namwachia mwandishi. Nasihi tu asiwape siti za treni kirahisi. Na kama tatizo ni gari la kuigizia, waje Mikindani. Nyuma ya nyumba yangu lipo moja la kijani, haliwaki bila kusukumwa, na mlango wa kushoto unafunguliwa kwa ndani tu.

Dereva mstaafu,
Mikindani, Mtwara