Binamu, usiizike Kariakoo mapema

Kwako binamu,

Ujumbe wako wa sauti kutoka Guangzhou, huko China, nimeusikiliza mara tatu. Unasema likizo ile ulitembea kutoka Msimbazi hadi mtaa wa Kongo ukaona vitu vilevile vya huko, ila kwa bei ya kuumiza, na kwamba Kariakoo haina chake tena. La bei sibishi. Wewe si ndiye unayejaza hayo makontena?

Ila hilo la "haina chake" limenikaa kooni. Jina lenyewe Kariakoo tumeliokota: Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi pale, na midomo ya wenyeji ikamalizia kazi. Leso nayo ni neno la Kireno. Kanga zilichapwa Ulaya, zikaja kuchapwa Japani na India, na hata kiwanda chetu cha Urafiki kilichofunguliwa 1968 kilijengwa kwa msaada wa hao hao Wachina. Bibi hakuuliza kanga imetoka wapi. Aliuliza imeandikwaje, kisha akawaza jirani gani amvalie.

Kinachoniuma mimi ni nyumba yake. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na ile baraza ambayo mtu akipita bila salamu anaitwa arudi. Leo ni ghorofa, chini fremu tupu za simu na viatu, huna hata pa kuegemea. Lakini hapo tusimsingizie mgeni, binamu. Tuliuza wenyewe, na sahihi yako ipo.

Sasa sikia. Jumamosi nilikwenda kumnunulia mama doti. Muuzaji akafungua robota jipya, mzigo wa huko huko uliko, kanga nyekundu ya korosho, imeandikwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONDE. Mama mmoja akaisoma kwa sauti, akashika meza kwa kicheko. "Aponde nini, raha au mgeni?" Mwenzake akadakia: "Kwangu mawifi wakija naponda vyote!" Muuzaji, uso umemshuka, akataka kuzirudisha ndani. Wakamzuia. Aliyekuja na hela ya doti moja akakopa ya pili, na zile zilizoandikwa sawasawa, pale pembeni, hakuna aliyezigusa.

Nimekuwekea moja. Ukipita kiwandani, waambie wasisahihishe.

Binamu yako