Usiishushe injini kabla hujaipima

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote hatujambo. Goti langu limepata nafuu, kaka yako anakusalimu, na wajukuu wanauliza shangazi anakuja lini.

Jana uliponipigia simu nilikujibu maneno mawili matatu tu, nikahisi umekata simu ukiwa mnyonge. Sikukasirika, mama. Nilikuwa nafikiri, na mimi mambo ya gari nikiyafikiria huku naongea huwa naharibu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Umesema pikapu ikipanda na mbolea kutoka Mombo inalegea kabla haijafika Soni, inatoa moshi, na maji yanapungua kwenye rejeta. Fundi amekwambia injini imekwisha, dawa ni kuweka 1KZ ya turbo, ile injini ya Toyota yenye kifaa cha kusukumia hewa ndani, na iko moja Dar ambayo muuzaji anataka jibu wiki hii. Pesa unazo, za msimu wa karoti. Unataka baraka zangu.

Ngoja kwanza nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukueleza lote.

Mwaka 1999 wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Nilikuwa na ile pikapu yangu ya kwanza, yenye injini ya 2L. Ikaanza hivyo hivyo: inachemsha mlimani, nguvu hakuna. Fundi niliyemwamini akaisikiliza, akafungua kifuniko cha oili, akatikisa kichwa. Akasema hii imekufa, tafuta nyingine. Mama yako akatoa bangili zake mbili za dhahabu, zile alizopewa na bibi yako siku ya harusi, tukauza. Nikaleta injini kutoka Dar, ikafungwa, ikanguruma vizuri mpaka nikasema Alhamdulillahi.

Wiki ya tatu tulikuwa tunarudi usiku, mama yako amekaa kando yangu amekupakata ndani ya kanga. Tulipofika kwenye kona kali chini ya Soni nikasikia harufu ya maji ya moto na chuma. Sindano ya joto imegota juu. Nikasimama, nikaweka mawe kwenye matairi, nikashuka na dumu hadi kijitoni. Niliporudi mvuke ulikuwa bado unatoka kwa kishindo. Nikafunga kitambaa mkononi, nikafungua kifuniko, nikamimina maji ya baridi ya mlimani juu ya chuma kilichokuwa kinatokota. Nilisikia mlio mdogo, kama kikombe cha udongo kinachopasuka. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilipata ufa palepale.

Baadaye mzee mmoja wa Korogwe aliyekuwa anachomelea rejeta akaifungua ya kwangu mbele ya macho yangu. Vile vijibomba vya ndani vilikuwa vimejaa ukoko wa kutu na chokaa, kwa sababu miaka yote nilikuwa naongeza maji ya mtoni. Akaijaza maji, akaniambia tazama yanavyotoka. Yalitoka kama ya birika lililoziba. Injini ya kwanza haikuwa na kosa, na ya pili pia. Rejeta moja iliua zote mbili, na mimi niliziacha zife kwa sababu sikupima. Mama yako hakunilaumu hata siku moja, mpaka anaondoka duniani, Mungu amrehemu. Kila nikiona mkono wa mwanamke wenye bangili mbili nakumbuka.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usishushe injini hiyo kwa sababu ya moshi tu.

Anza na chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga pale springi za nyuma zinaposhikilia na pale kwenye maungio karibu na tangi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bati na kinadondosha magamba. Gari ni la mwaka 1994. Kama chesisi imeliwa, hakuna injini ya kuistahili, na hapo tutazungumza habari nyingine kabisa.

Kisha maji. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa, uangalie. Mapovu yakija mfululizo kama soda, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi ina ufa. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, usiliendeshe tena hata hadi sokoni. Muulize fundi pia kama themostati ipo, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Wengi wanaitoa na kuitupa, wanasema kwetu joto halihitaji. Si kweli. Injini inataka joto lake, si zaidi na si pungufu.

Moshi nao una rangi, nawe hukuniambia ni rangi gani. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji, au dizeli isiyoungua. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na huo hapo Lushoto usikutishe haraka. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inavuta hiyo hiyo iliyopo. Sehemu ya uchovu unaousikia ni mlima. Sehemu nyingine inaweza kuwa chujio la hewa lililojaa vumbi, au nozeli zilizochoka, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini.

Baada ya hapo ndipo ipimwe kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyoibana hewa, na hili ndilo litakaloamua. Injini iwe imepata moto, betri iwe na nguvu, plagi za joto zitolewe zote nne, kipimo kifungwe kwenye tundu moja moja, starta ipigwe. Hiyo 3L, injini iliyomo kwenye pikapu yako, ikiwa mpya inatoa kama 450 kwa psi, kipimo cha shinikizo. Ikishuka chini ya 284 kiwanda chenyewe kinasema imechoka. Kwa urefu wa mlima wenu itasoma pungufu kidogo, kwa hiyo angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi 70. Zote nne zikiwa karibu sawa na ziko juu, injini yako ni nzima, tatizo liko kwenye maji au dizeli, na pesa yako ya karoti itabaki. Moja ikianguka peke yake, inaweza kuwa valvu au gasketi. Zote zikiwa zimelala, hapo nakubali: imefika mwisho.

Na ikifika mwisho, bado 1KZ siitaki. Najua ina nguvu. Ina karibu 130 za farasi, yako ina kama 90, na ukiipanda nayo milima ya Usambara utaifurahia. Lakini hiyo uliyotajiwa ni 1KZ-TE, ile ya kwenye Surf na Prado. Pampu yake ya dizeli inatawaliwa na kompyuta. Itataka waya zake zote, sensa zake, gia boksi yake, rejeta kubwa zaidi. Hedi yake ni ya aluminiamu, na ikichemshwa hata mara moja inaweza kupasuka. Nawe unajua barabara yako ilivyo. Siku waya mmoja ukikatika una matenga ya nyanya nyuma, nani atakusomea kompyuta saa tisa usiku? Nyanya hazisubiri fundi wa kutoka Tanga.

Tafuta 5L. Ni ndugu wa damu wa 3L: ina sentimita za ujazo 2,986, yako ina 2,779. Inakaa kwenye maunti zile zile, vile vishikizo vya injini, inashika gia boksi ile ile, pampu yake ni ya chuma bila kompyuta, na fundi yeyote wa Mombo anaijua kwa kuipapasa. Ikiwa imetoka kwenye Hiace, sampu, bakuli la oili la chini, haitafanana, fundi ahamishe ya kwako. Nguvu inaongezeka kidogo tu, nakwambia ukweli. Lakini utalala usingizi.

Usilipe kabla haijawashwa pale chini, ikiwa baridi, wewe umesimama. Usikubali kukuta imeshapashwa moto. Na ikiwa bado iko nje ya gari, badilisha taiming belti (mkanda unaoendesha valvu), pampu ya maji, oili sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili isivuje) na pleti ya klachi. Hivyo vyote ni rahisi injini ikiwa sakafuni, na ni mateso ikishafungwa. Belti ya injini hizi ikikatika, pistoni zinagonga valvu. Usiamini belti uliyoikuta.

Jambo la karatasi usilidharau. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Dai risiti ya muuzaji yenye namba, upeleke TRA, mamlaka ya mapato, ibadilishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utahangaika.

Najua muuzaji amekuharakisha. Mwambie asubiri, na akimpa mwingine, mpe heri. Injini zinashuka bandarini kila mwezi.

Nitapanda basi la Ijumaa asubuhi, nishuke Mombo, uje unichukue gari likiwa tupu, bila mzigo, taratibu. Kipimo changu cha kompresheni kimo kwenye kisanduku cha bati chini ya kitanda cha chumba cha nyuma hapo kwako, kimefungwa kwenye gazeti; kitoe ukifute vumbi. Na mwambie fundi asimwage ile oili ya zamani mpaka niione.

Ni mimi baba yako.